Tulimwona Kuku

Kuna kisa kilichosimuliwa na John Wilson wa Chuo Kikuu cha London, ambacho Marshall McLuhan, mtaalamu wa mawasiliano wa Kanada, alikinukuu katika kitabu chake cha mwaka 1962 na tangu hapo kikawa hakikosekani kila panapozungumzwa sinema na Waafrika. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu fupi ya kama dakika 5, ya mwendo wa polepole uliokusudiwa, kuonyesha katika kijiji kimoja cha Kiafrika jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Filamu ikaonyeshwa kwa watu wapatao 30, na ilipokwisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wamemwona kuku. Wenye filamu walishangaa, kwani hawakujua hata kwamba ndani yake mna kuku. Ikabidi waipitie upya, picha moja baada ya moja, na kweli wakamkuta akikurupuka na kukatiza pembeni, chini, kwa muda wa sekunde moja hivi.

Kwa miaka mingi kisa hiki kimetolewa kuwa ushahidi kwamba mtu asiyezoea sinema hajui kuitazama. Mimi nakisoma kwa upande wa pili. Watu wale waliulizwa wameona nini, wakasema kweli, na kuku alikuwamo. Asiyemwona ni yule aliyeishika kamera, kwa sababu akili yake yote ilikuwa kwenye somo alilotaka kulitoa. Nimekuwa nikikikumbuka kisa hiki mara kwa mara tangu nilipoanza, pamoja na majirani na marafiki, kukutana mara moja kwa mwezi kutazama filamu za zamani ambazo wengi wetu hatukupata kuzisikia, achilia mbali kuziona; na kila nikikikumbuka nazidi kuamini kwamba tatizo la mazungumzo yetu ya filamu, na si ya filamu peke yake, ni kwamba tumefundishwa kumpuuza kuku.

Tunakutana Kikwajuni, mjini Unguja, katika ua wa nyumba moja yenye ukuta mrefu, baada ya sala ya Isha. Idadi yetu ni kati ya watu 10 na 15, kutegemea mvua na kutegemea nani anacheza mpira usiku ule. Shuka nyeupe inafungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, projekta ni ya kuazima, spika ni ya mtu wa harusi, na dele la kahawa linawekwa karibu na mlango ili atakayechoka apate sababu ya kuinuka bila ya kuonekana ametoka. Yumo karani mstaafu wa posta, wamo walimu wawili mmoja wao mimi, yumo mvuvi, yumo fundi wa mafriji, wamo kina mama wanne ambao ndio hawakosi, na mmoja wao, mkubwa wetu sote kwa umri, tunamwita Bibi bila ya kuongeza jina. Hakuna mtaalamu wa sinema miongoni mwetu, jambo ambalo mwanzoni nililiona kuwa upungufu na nikajaribu kuliziba mwenyewe, na hapo ndipo nilipokosea.

Filamu yetu ya kwanza ilikuwa Bab el Hadid ya Youssef Chahine, iliyotoka Misri mwaka 1958, ambayo watazamaji wa wakati ule waliikataa na ikakaa miaka mingi bila ya kuthaminiwa. Niliichagua kwa sababu nilijua wazee wa hapa wamekulia katika nyimbo na picha za Misri. Kabla ya kuwasha projekta nilizungumza kwa muda ambao mke wangu anasema ulifika dakika 40: nikaeleza mapinduzi ya mwaka 1952, nikaeleza stesheni ya reli ya Cairo, nikaeleza harakati za wapagazi kutaka chama chao cha wafanyakazi, nikaeleza na kwamba Chahine mwenyewe ndiye aliyecheza nafasi ya Qinawi, muuza magazeti kiwete. Filamu ikaisha. Nikasimama mbele ya shuka nikauliza, kwa sauti niliyoitumia darasani kwa zaidi ya miaka 20, filamu hii inatufunza nini. Mmoja akasema inatufunza kwamba tamaa ni mbaya. Mwengine akasema inatufunza tuwahurumie walemavu. Wa tatu akasema inatufunza umuhimu wa umoja kazini. Kila jibu lilikuwa sahihi na kila jibu lilifunga mlango nyuma yake, na baada ya dakika chache watu wakaanza kutafuta viatu. Wakati wa kukusanya vikombe ndipo mama mmoja aliponiuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi, mbona hakuna aliyezitaja kuta za kile kibanda cha yule kiwete, alivyozibandika picha za wanawake alizokata magazetini mpaka hapana pahala patupu, na huku mwanamke wa kweli anampita mlangoni kila siku akiuza soda.

Huyo ndiye kuku. Filamu nzima ilikuwamo katika swali lake, na mimi nilikuwa nimeshaizima projekta.

Nimejiuliza sana swali hili la funzo limetoka wapi, kwa sababu halikuanza kwangu. Sehemu yake ina historia inayojulikana. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham waliendesha mradi uliotengeneza filamu 35 kwa ajili ya kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na maisha ya kisasa kama yalivyoeleweka na serikali ya wakati ule. Mojawapo ilihusu faida ya kuweka akiba Posta, jambo ambalo karani wetu mstaafu alilifurahia mno nilipomweleza. Filamu hizo zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na maelezo yake yalichezwa kwenye sahani za santuri kwa lugha za wenyeji. Mwaka 1939 Uingereza ikaanzisha kitengo maalumu cha filamu za makoloni, na William Sellers, aliyekiongoza, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika apewe picha za polepole, zisizo na hila yoyote ya kamera, na asionyeshwe kitu kwa ukubwa usio wake. Ndipo kikaenea kile kisa kingine cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyejaa shuka nzima wakasema wana bahati kwao hakuna mbu wakubwa namna ile. Sina hakika kama waliotoa jibu hilo hawakuwa wakifanya mzaha. Watu wetu wana tabia ya kumjibu mkubwa kwa heshima na kumcheka wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Jambo la msingi ni kwamba katika mpango ule filamu ilikuwa chombo cha kupitishia ujumbe, na mtazamaji alipimwa kwa kiasi cha ujumbe alioupokea. Uhuru ulikuja, wenye kamera wakabadilika, lakini kipimo kikabaki. Tumekaa katika semina ambazo filamu ya dakika 20 inafuatwa na karatasi kubwa ukutani na kalamu nene, kila kundi liandike mafunzo matano. Na sisi walimu wa Kiswahili tumeongeza la kwetu, kwani hakuna mwanafunzi aliyepita mikononi mwetu asiyejua kuipasua hadithi katika fani na maudhui, akaitoa dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa ya mwandishi kama mtu anayechambua samaki, akapata alama zake zote bila ya kulazimika kukumbuka hata mara moja kwamba kulikuwa na mvua siku ile, au kwamba mama alikuwa amevaa kanga iliyopauka. Mtu mzima akikaa mbele ya filamu baada ya malezi hayo, macho yake hutafuta jibu la mtihani.

Wala si kwamba hatukuwahi kuwa na namna nyengine. Mji huu ulikuwa na watazamaji hodari kabla ya baadhi ya miji mikubwa ya Afrika. Hassanali Adamji Jariwalla alifungua jumba la sinema la Royal mwaka 1921, na baada ya jengo lile kuungua mwaka 1954, Majestic ikajengwa pale pale Vuga. Kulikuwa na majumba mengine mjini, na Pemba nayo haikuachwa nyuma. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji wazee wetu kwa miaka mingi kuhusu sinema zao, ameandika jinsi filamu za Kihindi za miaka ya 1950 na 1960 zilivyowapa vijana wa Unguja nafasi ya kuzungumza juu ya mapenzi na ndoa za kuchaguliwa, mambo ambayo mtoto hakuthubutu kuyazungumza na mzazi wake uso kwa uso. Yalizungumzwa kupitia kwa Raj Kapoor. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ambako mama zetu walikwenda wamejipamba kama wanaokwenda harusini, na waliporudi walikuwa na kazi ya kuwahadithia waliobaki, tukio kwa tukio, pamoja na nyimbo ambazo maneno yake hawakuyajua.

Bibi anasema kwamba kuhadithia kule ndiko kulikokuwa sinema yenyewe. Dada yake alikuwa akipewa nauli na pesa ya tikiti na kina mama wa mtaa kwa sharti moja, kwamba akirudi asiruke kitu: sari ilikuwa na rangi gani, baba mkwe alikaa wapi, mlango ulifungwa na nani. Akitaja kwamba msichana alilia, ataulizwa alilia vipi. Hakuna aliyemuuliza imekufunza nini. Filamu ilikuwa ya Kihindi, haina tafsiri, na maneno waliyaweka wenyewe kutokana na walivyoona. Nikiwa mwalimu wa kazi hiyo kwa miaka yote niliyoitaja, sijapata kusikia maelezo bora ya namna ya kuisoma kazi ya sanaa.

Sasa niseme kwa nini filamu kongwe, na kwa nini zile zilizosahauliwa. Filamu mashuhuri hufika ikiwa imeshahukumiwa. Kabla ya kukaa, mtu ameshaambiwa kwamba ni bora, na kwamba bora yake iko wapi, na hasa watu wazima, ambao wanaona haya kuonekana hawakufahamu kile ambacho dunia nzima imekifahamu, hukaa kimya au hurudia walichosikia. Filamu isiyojulikana haina jibu sahihi linalokusubiri nje. Karani, mvuvi na mwalimu wanakuwa sawa mbele yake. Tena kusahauliwa kwa filamu nyingi za Afrika hakutokani na udhaifu wake. Katika nchi zilizotawaliwa na Ufaransa huko Afrika Magharibi, kampuni mbili, COMACICO na SECMA, zilishika usambazaji wa filamu na majumba ya kuonyeshea, na filamu za wenyeji zikakosa mlango katika miji ile ile zilikotengenezwa. Kama hazikupata nafasi kwao, zingewezaje kufika Vuga? Leo nyingine zinasafishwa na kurejeshwa: tangu mwaka 2017 upo mpango wa chama cha watengenezaji filamu wa Afrika, FEPACI, pamoja na UNESCO na wakfu wa Martin Scorsese wa kuokoa filamu 50 za bara hili, na matunda yake yameanza kuonekana. Hapa kwetu tunalo tamasha la filamu la ZIFF tangu mwaka 1998, ambalo kila mwaka hutuletea mengi ndani ya Ngome Kongwe, lakini tamasha ni sherehe, watu wanapita, na filamu ikiisha nyengine inaanza. Mazungumzo yanahitaji ua na watu wale wale.

Mwezi wa pili sikusema kitu. Niliwasha These Hands, ambayo sisi tumezoea kuiita Mikono Hii, ya Flora M'mbugu-Schelling wa Tanzania, iliyotengenezwa mwaka 1992. Kwa muda wa dakika 45 tunawaona wanawake wakipasua mawe kwenye machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji. Hakuna msimulizi, hakuna anayetwambia wanalipwa kiasi gani wala tuwaoneeje huruma, kuna nyundo na jiwe, na baadaye kuna wimbo. Baada ya robo saa fundi wa mafriji alinong'ona kwamba hapana kinachotokea. Bibi akamwambia anyamaze asikilize, kwa sababu jiwe lililokubali lina mlio wake na lililokataa lina wake. Hapo ndipo tulipojua kwamba yeye mwenyewe alipasua kokoto alipokuwa akijenga vyumba vyake viwili, na kwamba kwa muda wote ule alikuwa akiifuata filamu kwa masikio, akijua nani anaweza kazi na nani ameanza juzi. Tulirudia dakika 10 za mwanzo tukiwa tumefumba macho. Sijui ni kundi gani jengine la watazamaji wa filamu lililowahi kufanya hivyo, na sidhani kama ningeliweza kulipanga jambo lile katika mazungumzo ya utangulizi.

Lakini filamu iliyotukalisha mpaka muuza kahawa akaja kudai dele lake ni Mandabi ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1968, iliyotengenezwa kwa Kiwolofu wakati ambapo filamu za Afrika Magharibi zilitarajiwa kuzungumza Kifaransa. Sembène, mtoto wa mvuvi wa Ziguinchor aliyewahi kuwa mpakuaji mizigo bandarini Marseille kabla ya kwenda kusomea sinema Moscow, aliitoa katika hadithi yake mwenyewe, na wasomaji wa Kiswahili huenda wanaijua kupitia tamthilia ya Amandina Lihamba, Hawala ya Fedha. Ibrahima Dieng ni mtu mzima wa Dakar, hana kazi, ana wake wawili na watoto saba. Mpwa wake aliyeko Paris, anayefagia barabara, anamtumia hawala ya faranga 25,000: 20,000 amwekee, 3,000 ampe mama yake, na 2,000 ndizo za Ibrahima mwenyewe. Ili aichukue posta lazima awe na kitambulisho. Ili apate kitambulisho lazima awe na cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Ili apate cheti lazima aijue tarehe aliyozaliwa. Na huku mtaa mzima umeshajua kwamba Ibrahima ana pesa, na kila mwenye shida ameshafika mlangoni.

Mtu yeyote wa hapa aliyewahi kuanza asubuhi kwa barua ya sheha na kumaliza mchana kwa kuambiwa arudi Jumatatu hahitaji kuelezwa filamu hii. Ugumu wetu ulikuwa lugha. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, na mwalimu mwenzangu alijitolea kuyasema kwa Kiswahili papo hapo, kwa mtindo ambao marehemu Lufufu aliupa umaarufu katika vibanda vya video. Alikuwa hodari, tena akazidi kuwa hodari kadiri alivyosikia vicheko, mpaka ikafika pahala Ibrahima anatazama tu, ananyanyua kanzu yake kubwa ya darizi asiikanyage, na mwenzangu akamtilia methali kinywani. Bibi akasema, "Maalim, huyo hakusema hivyo. Mdomo wake haukufunguka." Tuliisimamisha filamu, tukarudisha nyuma, na kweli mdomo haukufunguka. Tangu usiku ule mkalimani wetu anaruhusiwa kusema yaliyoandikwa, na Ibrahima akinyamaza naye hunyamaza.

Baada ya filamu niliuliza mmeona nini, nikakaa. Majibu yalichukua muda kidogo, kisha hayakusimama. Mvuvi alimwona kinyozi wa mwanzo kabisa, chini ya mti, anavyomnyoa Ibrahima kichwa na kisha anaingiza wembe mpaka ndani ya pua, karibu mno na kamera. Alisema mtu anayeweza kuitoa pua yake kwa wembe wa mwengine namna ile ni mtu anayemwamini kila mmoja, na kwamba tangu pale alijua huyu ataibiwa. Kina mama walimwona mtu mwengine kabisa. Wao waliona kwamba barua ya posta ilifika kwanza mikononi mwa Mety na Aram, kwamba wake hao walikwisha kuchukua mchele kwa deni dukani kabla ya mume kujua kama kuna hawala, na kwamba Ibrahima alikula, akashiba, akacheua, akalala, ndipo akaambiwa chakula kimetoka wapi. Mmoja akasema mume anazunguka afisini filamu nzima akitafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye Ibrahima Dieng, na wake zake hawakuulizwa karatasi na mtu yeyote kwa sababu hakuna aliyeandika majina yao popote. Karani mstaafu aliyaona mambo ya kaunta: mkono unaorudisha fomu bila ya uso kunyanyuka. Alisema mkono ule alikuwa nao yeye kwa miaka mingi. Hakuongeza neno, na hakuna aliyemwomba aongeze.

Fundi wa mafriji, ambaye ndiye mdogo wetu, alitaka kujua kwa nini Ibrahima hakupata picha. Alilipa, akapigwa picha, aliporudi akaambiwa picha imeharibika, na alipodai pesa yake akatoka na damu puani. Wazee walidhani hapo hapana la kuzungumza, mpiga picha ni tapeli. Yeye alishikilia kwamba pua iliyonyolewa mwanzoni ndiyo iliyotoka damu baadaye. Mvuvi alimtazama kwa muda mrefu kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kukutana uani akamwita bwana.

Nimeshaambiwa, na aliyeniambia ni rafiki yangu ambaye simdharau, kwamba nadharia yangu inavunjwa na Sembène mwenyewe. Ni kweli kwamba alipenda kuiita sinema skuli ya usiku, na kwamba aliacha uandishi wa vitabu uwe wa pili kwa sababu alitaka kuwafikia watu wasiojua kusoma. Mtu huyo alitaka kufundisha, na hakuficha. Vipi basi niende kwenye filamu yake na kulikataza swali la funzo? Rafiki yangu anaongeza hoja iliyo karibu zaidi na kwetu: mtu mzima anayeacha nyumba yake baada ya Isha ana haki ya kuondoka na faida, na upuuzi ni upuuzi hata ukiwa wa mwaka 1968.

Hoja ya faida naikubali moja kwa moja, na ndiyo maana tunakutana. Kuhusu skuli, nadhani Sembène alikuwa na skuli ya aina nyengine akilini, kwa sababu nikiangalia alivyoitengeneza Mandabi naona mwalimu anayekaa nyuma ya darasa. Kamera yake inakaa na Ibrahima katika foleni kwa muda ambao foleni inachukua. Hatuambii kwamba huyu mzee ni mjinga, mwenye majivuno, mkarimu na muonevu wa wake zake kwa pamoja. Anamwacha awe hivyo mbele yetu, na sisi tugombane. Hayo nimeyasema kwa rafiki yangu na yeye akanikumbusha mwisho wa filamu, na hapo, nakiri, nilikosa la kusema mara moja.

Kwa sababu mwisho wa Mandabi una funzo, tena linatamkwa. Mbaye, jamaa msomi mwenye suti, amekwisha kuichukua hawala kwa karatasi ya uwakilishi aliyotiliwa saini kwa nia safi, amerudi na hadithi kwamba ameibiwa njiani, na Ibrahima ameachiwa gunia la mchele mahala pa pesa za watu watatu. Anasema kwamba uaminifu umekuwa kosa katika nchi hii, na kwamba naye sasa atavaa ngozi ya fisi kama wengine. Ndipo mleta barua, yule yule aliyeileta ile ya kwanza, anapomwambia kwamba mambo yatabadilishwa, na wa kuyabadilisha ni wao wenyewe, yeye na wake zake na watoto wake.

Usiku ule Bibi alisema wazi kwamba hapo ndipo alipoiharibu. Alisema alikuwa ameshafahamu kila kitu gunia lilipotua, na mtu wa posta hakuwa na haja ya kuja kumkumbusha. Mmoja wa kina mama akamuunga mkono, akiongeza kwamba katika maneno yale wake wametajwa kwa mara ya kwanza kuwa watu wa kufanya jambo, na hata hapo wametajwa na mwanamume, na wala hawakuulizwa. Karani mstaafu hakukubali kabisa. Kwa maoni yake filamu nzima imejaa watu walioketi nyuma ya meza, na mmoja tu ndiye anayekuja kwa miguu mpaka mlangoni, mara mbili, na mtu aliyekuja kwa miguu ana haki ya kusema neno moja kabla ya kuondoka. Bibi akamwambia anasema hivyo kwa sababu naye alikuwa mtu wa posta. Akajibu kwamba yeye alikuwa mtu wa kaunta, na ndiyo sababu anasema hivyo.

Tuliirudia ile sehemu ya mwisho mara mbili, mara ya pili bila ya sauti, Bibi akitaka kuona kama uso wa Ibrahima unabadilika anaposikia maneno yale. Mvuvi aliona unabadilika. Fundi aliona anatazama mchele. Shuka ilipofunguliwa na taa ya uani kuwashwa walikuwa bado wanabishana, na nilipokuwa nakwenda zangu na spika begani niliwasikia kwenye kona ya pili, karani akiuliza kwa sauti ya juu kuliko desturi yake kwamba kama mleta barua asingesema kitu, angefanya nini, amkabidhi barua nyengine?